Aliyerudisha Nywele za Iriba: Mwalimu Josephina Niyitegeka, 1931–1979

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake, nanyi mliopita mikononi mwake darasani na hadi leo mnakaa mmenyoosha migongo: leo Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1979, tumefika hapa Kagerankanda kumsindikiza Mwalimu Josephina. Familia imempa mdogo wake, Nicodemus, anayesema nanyi sasa, kazi ya kusoma maisha yake. Nicodemus amekubali kwa sharti moja tu: aruhusiwe kusema kweli. Marehemu hakupenda sifa za kubandika, na kama kuna mtu hapa anadhani atamsikia akiitwa malaika, basi huyo hakuwahi kuchelewa kipindi chake.

Alizaliwa Muyama, wilaya hii ya Kasulu, tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa pili wa Mzee Cleophas Niyitegeka na Mama Odilia. Mama yetu alisimulia kwamba alitoka akitanguliza miguu, kana kwamba ana safari. Tangu utotoni alichukia uchafu kama wengine wanavyochukia nyoka. Siku moja mama alirudi kutoka shambani akamkuta amechuchumaa mlangoni na kibuyu cha maji, anaosha kuku miguu mmoja mmoja kabla ya kuwaruhusu kuingia ndani. Mama akauliza, "Mwanangu, na wewe umechanganyikiwa?" Akajibu, "Mimi nimefagia, wao wametoka jalalani." Tangu siku hiyo baba alimwita Bwana Afya, na jina hilo halikuwa mzaha kamili.

Alianza shule Muyama mwaka 1939, akaendelea kwa masista, na mwaka 1950 akamaliza mafunzo ya ualimu. Huko chuoni sista aliyewafundisha sayansi alimzawadia lenzi ya mkono, ile ya kukuza vitu vidogo, kwa kuwa alichora vizuri kuliko wenzake maisha ya kuvumwani, yaani ule mmea mfupi wa kijani unaovaa mawe penye unyevu. Alipata alama zote. Kisha akaifunga lenzi kwenye kitambaa, akaiweka chini ya sanduku, na huko ikalala zaidi ya miaka ishirini. Alisema mwenyewe baadaye kwamba alikuwa amejua somo lile kwa mtihani tu.

Alianza kazi Kibondo Januari 1951. Huko ndiko alikokutana na Felisiani Nsabimana, fundi mwashi aliyekuja kujenga darasa. Felisiani alipokwenda kwake mara ya kwanza kujieleza, alikwenda na matope hadi magotini. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, halafu akamwambia, "Maneno yako ni mazuri. Sasa kanawe, uyarudie." Felisiani akaenda mtoni, akarudi, akayarudia. Walifunga ndoa Kibondo tarehe 8 Agosti 1953, na Mungu akawajalia Bazilio na Esteri. Mwaka 1966 walihamia hapa Kagerankanda, yeye akafundisha shule ya kijiji, na mumewe akajenga nyumba nyingi ambazo baadhi yenu mmelala humo jana.

Sasa tunafika penye kazi yenyewe, na hapa ndipo Nicodemus alipoomba ruhusa ya kusema kweli.

Wote mnalijua iriba letu, chemchemi ile ya bondeni inayotoka kwenye ukuta wa mawe na udongo. Zamani ukuta ule ulikuwa wa kijani kutoka juu hadi chini, unadondosha maji kila mahali. Kila mwaka kabla ya mvua wanawake walikwenda kulisafisha: walizoa majani makavu, walitoa matope, lakini ule ukijani hawakuugusa. Waliuita nywele za iriba, na desturi ilisema iriba halinyolewi. Ukiuliza kwa nini, uliambiwa ndivyo tulivyoikuta.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya redioni. Watu walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi, na kazi hiyo iliokoa watoto wengi. Redio haikusema neno juu ya kunyoa chemchemi. Aliyesema ni Mwalimu Josephina. Alisimama mbele ya iriba mwezi Oktoba, mikono kiunoni, akasema, "Tunakunywa maji yanayopita kwenye uchafu huu? Desturi gani hii?" Akagawa mapanga, mchanga na majivu. Kazi ilifanyika tangu asubuhi hadi jua la utosi, na ukuta ukabaki mweupe kama meno ya mtoto. Watu walipiga makofi. Felisiani naye alipiga makofi, msimwone amejiinamia hapo.

Novemba mvua zikaja. Udongo wa ukuta, uliokuwa hauna cha kuushika, ukaanza kumomonyoka. Kufikia Krismasi kipande kizima kilikuwa kimeporomoka na kuziba jicho la maji. Kiangazi cha mwaka 1974 kilipofika, palipokuwa na mfereji palibaki unyevu wa kulowesha kitambaa. Wanawake walianza kwenda mtoni, mbali, kuteremka na kupanda. Na ole wetu, huo ndio ulikuwa mwaka wa kuhamisha watu kuwaingiza vijijini. Mkubwa mmoja kutoka wilayani alikuja na gari, akatazama iriba, akatikisa kichwa. Akaitisha mkutano, akasema mahali pasipo maji hapawezi kuandikishwa kuwa kijiji. Watu wote watahamishiwa tambarare, kando ya barabara kuu.

Katika mkutano huo alikuwapo Immakulata Nsengimana, jirani yetu, aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972. Alisimama na mtoto mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Mana yanje, Mungu wangu! Mimi nimehama mara moja, nimeacha kila kitu nyuma. Nyumba hii nimejenga na mikono hii. Mnifukie hapa, mimi sihami tena."

Ndipo Mwalimu akainuka. Alisema, "Ndugu zangu, aliyeharibu iriba ni mimi. Desturi ilinikataza, nikaicheka. Bwana mkubwa, tupe hadi kiangazi kijacho."

Yule mkubwa akauliza, "Mwalimu, kwani maji yanapandwa?"

"Maji siyapandi. Nitapanda kinachoyashika."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ng'ambo. Lakini muda walipewa, labda kwa sababu gari lake lilikuwa na safari nyingine.

Siku ileile lenzi ikatoka chini ya sanduku. Mwalimu alianza kusoma upya somo alilopata alama zote, safari hii kwa macho. Alipanda mabonde ya juu, penye vivuli, akilala kifudifudi kwenye mawe, yeye aliyekuwa akiosha kuku miguu! Alikuwa akirudi na tope kifuani, na Felisiani akimpokea mlangoni na kumwambia, "Maneno yako ni mazuri, mama Bazilio. Sasa kanawe, uyarudie."

Aliyoyaona aliwaeleza wote, wenye kutaka na wasiotaka. Kuvumwani, alisema, haina mizizi. Ina vinyweleo vya kujishikilia tu. Haina mishipa ya kupandisha maji. Inakunywa kwa mwili mzima, kila jani lake dogo ni mdomo. Ndiyo maana inajaa maji mvua ikinyesha na kuyaachia taratibu, na ndiyo maana udongo uliofunikwa nayo hauchukuliwi na mvua. "Haizai maji," alikuwa akisisitiza, "msije mkaniambia nimesema inazaa maji. Inayapokea bila fujo." Binamu yake ni ule mmea mwingine ulio bapa kama sikio, unaotambaa kwenye tope, wenye vikombe vidogo juu yake. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe, vipande vilivyomo vinarushwa pembeni na kuota. Huo nao aliuleta.

Kwanza Felisiani alitoa udongo ulioziba jicho la maji, akapanga ukuta upya, mawe kwa udongo, kwa sababu saruji ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Juu wakapanda matete, wakaweka uzio wa mbuzi. Kisha Mwalimu akachukua kuvumwani kidogo kidogo kutoka bondeni juu, akaisugua viganjani, akaichanganya na udongo laini na maziwa ya mgando, akaupaka ukuta kama mtu anayekandika nyumba. Aliupaka mwezi Desemba, na mvua kubwa ya kwanza ikaosha yote hadi mtoni. Kuna waliomshauri aache. Hao walikuwa hawamjui. Alipaka tena mvua zilipokuwa zinaisha, mwaka 1975, akafunika kwa majani ya migomba.

Halafu kiangazi kikaanza, na hapo ndipo tulipochekwa na wilaya nzima. Ili ukuta usikauke, ilibidi unyunyiziwe. Wanawake wa Kagerankanda walitoka mtoni na mitungi kichwani, wakapita nyumba zao, wakateremka kumwaga maji kwenye iriba. Wapita njia walisimama. "Jamani, huku watu wanapelekea kisima maji!" Immakulata ndiye aliyekuwa mbele kila asubuhi, mtoto mgongoni. Alijibu mara moja tu, kwa sauti: "Ng'ombe anayekamuliwa, hanyweshwi?" Waliocheka wakapita zao.

Siku moja majani ya migomba yalipofunuliwa, ukuta ulikuwa na utelezi mwembamba wa kijani, kama mate. Mama mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa yupo na amelia sana leo, aliona uchafu, akaja na majivu na gunzi la mahindi. Somo la mwaka 1973 lilikuwa limemwingia vizuri! Immakulata alimkuta amekunja mikono ya gauni, akajisimamisha kati yake na ukuta, akaita kwa nguvu zote. Mwalimu alitoka darasani mbio, chaki mkononi. Alishusha pumzi, akampa yule mama lenzi, akamwambia, "Dada, tazama. Huo si uchafu, ni utoto wake. Kwanza inaota nyuzi kama hizi, zimelala. Halafu kwenye nyuzi yanatokea macho, na kila jicho linasimama kuwa mmea. Ukimkwangua mtoto, utampata wapi mtu mzima?" Yule mama akatazama sana. Akaacha gunzi palepale, akaenda kuchukua mtungi.

Mwezi Agosti 1975 mkubwa wa wilayani alirudi. Ukuta ulikuwa na manyoya mafupi ya kijani, na kutoka kwenye jicho la maji mfereji ulikuwa unatiririka, mwembamba lakini haukatiki. Alikinga mkono, akanywa. Akasema, "Haya. Kaeni." Ndiyo hotuba fupi kuliko zote tulizowahi kuzisikia kutoka kwa mkubwa, na Immakulata alipiga vigelegele hadi mtoto akaamka.

Wengine wote tuliona kazi imekwisha. Mwalimu aliona imefika nusu. Kila wiki alikwenda na lenzi, na kila wiki alirudi na uso umekunjamana. Alieleza hivi: kuvumwani ina mimea ya kike na ya kiume. Mbegu ya kiume inaogelea kwenye maji, umbali mfupi sana, kumfikia mama. Wakikutana, mtoto anaota palepale kichwani kwa mama yake: kikonyo chembamba chenye kibuyu kidogo juu, na ndani ya kibuyu vumbi la uzazi. Mtoto huyo hashuki kamwe. Analishwa na mama hadi kibuyu kikauke, kifunguke, upepo uchukue vumbi likaanze nyuzi mpya. Ukuta wetu ulikuwa hauna kibuyu hata kimoja. Alikuwa amechukua kuvumwani yote kutoka bonde moja, na yote ilikuwa ya kike. "Ni kijiji cha wajane," alisema. "Kikija kiangazi kibaya, wakifa hawa, nani ataota badala yao? Immakulata atahama nikiwa kaburini."

Alikumbuka kwamba nyuma ya shule yake ya zamani Kibondo kulikuwa na kijito chenye mawe ya kijani. Aprili 1977 akafunga safari. Felisiani alimuuliza anakwenda kufanya nini, akasema, "Kuposa." Akarudi baada ya kuzungushwa na malori na mvua, amekumbatia sufuria iliyofunikwa kanga mbichi. Ndani mlikuwa na mimea ya aina ileile, lakini kila ncha ilikuwa na kikombe kidogo kama ua. Hao ndio wanaume. Kijiji kizima kikatoka kumpokea bwana harusi! Vijana walipiga ngoma, Felisiani akadai mahari, na Kuruthumu, muuguzi wa zahanati yetu, aliyeletwa na serikali kutoka Kondoa, alikuja na hina, akasema kwao bibi harusi hatolewi mikono mitupu. Mwalimu alicheka hadi machozi. Kisha akawafukuza wote akapande kabla sufuria haijapata joto.

Hata nyumbani somo hilo lilitumika. Bazilio, mwanawe wa kwanza, alifika miaka ishirini na mitatu akiwa bado anakula chungu cha mama. Jioni moja Mwalimu alimwekea chakula akasema, "Baba, hata mtoto wa kuvumwani, anayekaa kichwani kwa mama yake maisha yote, mwisho anafungua kibuyu." Mwaka ule ule Bazilio alijenga kwake. Amekubali tuliseme hili.

Mwaka 1978 miguu ilianza kumvimba na pumzi kuwa fupi. Kuruthumu alimsikiliza kifua, akamwambia bila kuficha kwamba ni moyo, na akamsindikiza mwenyewe hospitali. Alipewa dawa na kukatazwa mlima. Dawa alikunywa. Mlima, tuseme tu kwamba alikuwa akitumwa mtu kumtafuta. Masika ya mwaka huu alishindwa kabisa kushuka, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Aliwauliza wachota maji wote, "Mmeona vikonyo?" Watu wakasema hawajui, kijani ni kijani.

Jumapili iliyopita, tarehe 19 Agosti, alimwambia mumewe, "Nipeleke." Kuruthumu alikataza. Felisiani alitazama huku, akatazama kule, halafu akatoa baiskeli, akafunga mto kwenye kiti cha nyuma, akamkalisha, akaiongoza kwa mikono mpaka bondeni, Kuruthumu akishika kwa nyuma na kulalamika njia nzima. Immakulata alikuwapo anachota. Walimsogeza ukutani. Akaweka lenzi jichoni, Immakulata akamshika kiwiko.

Felisiani hakuweza kungoja. "Mama Bazilio, unaona nini?"

Akasema, "Wamezaa."

Walipeana lenzi. Kwenye ukuta mzima kulikuwa na vikonyo vyekundu vyembamba, na juu yake vibuyu vimeiva. Jua la kiangazi lilikuwa limevikausha, vifuniko vimeanguka, na Immakulata alipogusa kimoja kwa kidole, vumbi lilitoka likapotea hewani. Mwalimu akamwambia, "Basi, dada. Hapa huhami tena." Immakulata alijifunika uso kwa kitenge. Njiani kurudi Mwalimu aliimba, na Kuruthumu ni shahidi kwamba aliimba vibaya, kama siku zote.

Alifariki dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 23 Agosti 1979, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mumewe. Tunaumia, wala hatufichi. Alikuwa mkali, mbishi, na aliwahi kukosea mbele ya watu wote. Lakini hatumjui mwingine aliyelirekebisha kosa lake kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, tena akiimba.

Ameacha mume, Felisiani Nsabimana, watoto wawili, Bazilio na Esteri, mjukuu mmoja, mama yetu Odilia, ambaye hakutegemea kumzika mwanawe, mdogo wake Nicodemus, na Immakulata, ambaye familia imeamua leo aandikwe hapa pamoja na ndugu wa damu.

Baada ya kufukia tutanawa mikono. Maji yaliyo kwenye madebe pale mlangoni yametoka kwenye iriba asubuhi hii. Immakulata ameyachota mwenyewe na hakukubali kusaidiwa. Naye Felisiani amechonga jiwe la kuweka kichwani pa kaburi. Hakuling'arisha, ameliacha na mikwaruzo yake, na ameliweka upande wa kivuli. Anaomba jambo moja tu kwenu na kwa watakaokuja kufagia hapa baada yetu: jiwe hilo likianza kuwa kijani, msilikwangue.

Mwalimu, umepumzishwa. Iriba lina nywele, na kijiji kipo.